Maswali na majibu: Papa Paulo III mbele ya moto wa Luther

Safari iliyopita niliandika juu ya Martin Luther, mtawa wa Ujerumani aliyeanzisha Uprotestanti, na zile hoja zake 95 za tarehe 31 Oktoba 1517, na tangu hapo maswali hayajakatika. Karibu nyote mnauliza jambo moja kwa njia tofauti: Roma yenyewe ilifanya nini? Majibu yangu mengi leo yatamzunguka mtu mmoja, Papa Paulo III, aliyeliongoza Kanisa Katoliki kuanzia 1534 hadi 1549.

Niseme mapema kwamba somo hili linanigusa. Baba yangu alikuwa Mkatoliki, mama Mlutheri. Kila Jumapili asubuhi tulitoka nyumbani pamoja hadi njia panda; hapo mama alipinda kushoto kwenda usharikani, sisi watoto tukaendelea na baba kupanda kilima hadi parokiani. Sikuwahi kuipita ile njia panda bila kugeuka nyuma.

Mwalimu, Luther alianza 1517 na huyu Papa kaingia 1534. Miaka 17 yote hiyo mapapa walikuwa wapi? (Msomaji, Moshi)

Walikuwepo, ndugu yangu, ila kila mmoja alikuwa na lake. Leo X, wa ukoo wa Medici wa Firenze, aliona ni ugomvi wa watawa utakaokwisha wenyewe. Juni 1520 alitoa hati iliyotaja kauli 41 za Luther na kumpa siku 60 azikane. Luther aliichoma moto hati hiyo hadharani tarehe 10 Desemba, na Januari 1521 akatengwa na Kanisa.

Akafuata Adriano VI, mzaliwa wa Utrecht huko Uholanzi. Huyu alifanya jambo ambalo kila nikilisoma huwa nainua macho kwenye kitabu na kutulia kidogo. Mwanzoni mwa 1523 alimtuma mjumbe wake Nürnberg, kwenye mkutano wa watawala wa Ujerumani, akiri mbele yao kwamba ugonjwa umetoka kichwani ukashuka kwenye viungo, yaani umetoka Roma. Septemba mwaka huohuo akafariki. Klementi VII, Medici mwingine, aliahirisha kila kilichoweza kuahirishwa. Mei 1527 askari wa Kaisari Charles V, mtawala mkuu wa Ujerumani, wenye hasira ya kutolipwa mishahara, waliingia Roma wakaipora huku Papa amejifungia ndani ya ngome ya Castel Sant'Angelo. Alipofariki Septemba 1534, miji na majimbo mengi ya Ujerumani yalikuwa yameshaondoka, na Uingereza ilikuwa imesimama mlangoni.

Nimesikia huyu Paulo III alikuwa na watoto. Ni kweli, au ni maneno ya maadui wa Kanisa? (Msomaji, Songea)

Ni kweli, tena walikuwa wanne. Jina lake la kuzaliwa ni Alessandro Farnese, na alizaliwa 1468. Alifanywa kardinali mwaka 1493 akiwa na miaka 25. Aliyempa kofia hiyo ni Papa Aleksanda VI, na watu wa Roma walijua sababu: dada yake Alessandro, Giulia, binti aliyesifika kwa uzuri, alikuwa hawara wa Papa huyo. Wakambandika jina la dhihaka, kardinali wa sketi. Zama hizo mtu aliweza kuwa kardinali bila kuwa padre, na yeye alipewa upadre mwaka 1519 tu, ameshapita miaka 50, watoto wake wakiwa tayari wamezaliwa.

Ukiishia hapo utakuwa umemwona nusu. Akiwa askofu wa Parma aliagiza jimbo likaguliwe parokia kwa parokia, jambo ambalo maaskofu wengi wa wakati ule hawakulijali. Alikuwa msomi, mvumilivu, mtu wa kusikiliza sana na kusema kidogo. Konklavu, yaani mkutano wa makardinali wa kumchagua Papa, ya Oktoba 1534 ilimchagua upesi, naye ana miaka 66.

Sasa tazama mikono yake miwili. Desemba mwaka huohuo aliwafanya wajukuu zake wawili makardinali, mmoja wa miaka 14, mwingine wa 16. Mei 1535, kwa mkono uleule, alimpa ukardinali Gasparo Contarini, mwanadiplomasia wa Venezia aliyekuwa bado mlei, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumtilia shaka mwenendo wake. Pamoja naye alimtaja John Fisher, askofu aliyekuwa kifungoni Uingereza kwa kumkatalia Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa la nchi hiyo. Mwezi uliofuata mfalme akamkata kichwa. Mwaka 1536 wakaongezwa Reginald Pole, Jacopo Sadoleto na Gian Pietro Carafa, wote watu waliotaka Kanisa lisafishwe.

Kuna wanaosema aliwaweka wema mbele ili kuwafunika ndugu zake. Mimi siamini hivyo. Naamini alitaka yote mawili kwa moyo mmoja, nyumba ya Mungu na nyumba ya Farnese, na miaka yake 15 yote ilivutwa huku na huku na matakwa hayo mawili.

Ni kweli makardinali wenyewe waliandika ripoti ya kuwalaumu mapapa? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli, na aliyeiagiza ni Papa. Mwaka 1536 aliunda tume ya watu tisa chini ya Contarini, akawataka waseme bila woga ni nini kinaliharibu Kanisa. Machi 1537 wakamletea jibu. Wanaanza na mzizi: mapapa wamejizungushia wanasheria wa kuwasifia, waliowafundisha kwamba Papa ndiye mmiliki wa vyeo vyote vya Kanisa, na kwa kuwa mwenye mali akiuza chake hakosi, basi Papa hawezi kuwa na dhambi ya kuuza vyeo. Humo, wakasema, kama kutoka tumboni mwa yule farasi wa mbao wa hadithi ya Troya aliyeficha maadui, ndimo yalimomiminika maovu mengine yote.

Kisha wanashuka kwenye mambo ya kuonekana kwa macho. Vijana wasio na elimu wala adabu wanapewa upadre. Maaskofu hawajulikani majimboni mwao. Ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro lenyewe, mgeni anashtuka kuona mapadre wachafu, wasiojua kitu, wakiadhimisha Misa na mavazi ambayo hata kwenye nyumba ya maskini wangeona haya kuingia nayo. Malaya wa mjini wanapita mchana kweupe wamepanda nyumbu kama mabibi wa heshima, wakisindikizwa na watu wa nyumba za makardinali. Watembeza rehema, yaani vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi, wanawadanganya wakulima na watu wasiojua kwa ushirikina usiohesabika.

Rudia kusoma orodha hiyo na ukumbuke kwamba walioiandika si wafuasi wa Luther. Ni makardinali, maaskofu na abati, na wanamwandikia Papa aliyeketi kwenye kiti. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema Roma haikujua, namwomba aisome.

Ripoti ilikuwa ya siri lakini ikavuja. Mwaka 1538 Luther aliitoa kwa Kijerumani, akaitilia dibaji ya kejeli na picha ya makardinali wanaofagia kanisa kwa mikia ya mbweha. Hapo naona Luther alikosea. Adui yako akikiri kosa lake, si wakati wa kumcheka.

Utekelezaji ulikuwa haba. Mwishoni mwa 1540 Papa aliwaamuru maaskofu wapatao 80 waliokuwa wakiishi Roma warudi kwa waumini wao, nao wakaja na visingizio. Ada za vibali na misamaha ndizo zilizoendesha ofisi za Roma, na kuzifuta kungekuwa kukata mrija uliomlisha Papa na waliomzunguka. Akawa anatengeneza kamati juu ya kamati.

Je, Luther na wajumbe wa Papa waliwahi kukaa meza moja tena baada ya kutengwa? (Msomaji, Mbeya)

Ndiyo, Novemba 1535, kwenye jumba la mtawala pale Wittenberg, mji alioishi Luther. Paulo III alimtuma balozi wake Pietro Paolo Vergerio azunguke Ujerumani kuwaambia watu kwamba safari hii mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, utaitishwa kweli. Vergerio akapita Wittenberg, akamwalika Luther asubuhi.

Watu wa Luther wamesimulia jinsi alivyojiandaa. Alimwita kinyozi mapema, akavaa nguo zake nzuri na mkufu wa dhahabu shingoni. Kinyozi aliposhangaa, akamjibu kwamba anataka balozi amwone bado kijana, ili Roma ijue ana miaka mingi mbele ya kuwasumbua. Alikuwa anakaribia miaka 52 wakati ule, na mwili ulishaanza kumchosha. Balozi alimwuliza kama atakuja kwenye mtaguso hata ukifanyika Bologna. Luther akauliza Bologna ni ya nani. Akaambiwa ni ya Papa. Akashangaa kwamba Papa ameunyakua na mji huo, kisha akasema atakuja.

Hakwenda, kwa kuwa mtaguso wenyewe haukuwapo. Yule Vergerio baadaye akawa askofu, akaanza kusoma vitabu vya Waprotestanti kwa nia ya kuvijibu, na mwaka 1549 akavuka milima akajiunga nao.

Kwa nini mtaguso ulichelewa hivyo? (Msomaji, Kigoma)

Hofu na vita. Hofu ilitoka mbali: Mtaguso wa Konstanz wa 1414 hadi 1418 uliwaondoa mapapa watatu waliogombea kiti kimoja na ukatamka kuwa mtaguso uko juu ya Papa. Papa yeyote aliyekuja baadaye aliliona neno mtaguso kama kamba inayoweza kumzunguka shingoni.

Vita ilikuwa ya Kaisari Charles V na Mfalme Francis I wa Ufaransa. Maaskofu wa nchi hizi mbili wasingekaa chumba kimoja wakati mabwana zao wanapigana. Paulo III aliita mtaguso Mantova kwa Mei 1537. Mtawala wa Mantova akataka Papa agharimie askari wa kulinda mji, na watawala wa Kiprotestanti wakakataa mwaliko. Akahamishia Vicenza kwa 1538. Hakukutokea watu wa kutosha. Akaita Trento kwa 1542. Vita ikawaka tena. Amani iliyofungwa Crépy mwaka 1544 ndiyo iliyofungua njia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watoto waliozaliwa Saksonia, nchi ya Luther, mwaka alipotengwa walikuwa wameshaoa na kuolewa mtaguso ulipofunguliwa, na Kanisa lao la pekee walilolijua lilikuwa la Luther. Mtu wa namna hiyo humwambii arudi. Hajawahi kuondoka.

Kulikuwa na wakati wowote pande hizi mbili zilikaribia kupatana? (Msomaji, Bukoba)

Dada yangu, swali lako ndilo lililonifanya nikubali kuandika safu hii ya leo.

Ndiyo, ulikuwapo wakati huo, nao ni masika ya 1541, katika mji wa Regensburg kando ya mto Danube. Kaisari aliwakusanya wanateolojia watatu kila upande. Wakatoliki walikuwa Johann Eck, Johann Gropper na Julius Pflug. Waprotestanti walikuwa Philipp Melanchthon, Martin Bucer na Johann Pistorius. Papa alimtuma Contarini awe mjumbe wake.

Lazima ujue Contarini alikuwa nani. Jumamosi Kuu ya mwaka 1511, miaka sita kabla ya hoja za Luther, alikwenda kuungama akiwa kijana aliyejaa wasiwasi wa nafsi. Rafiki zake walikuwa wameingia utawani kwenye kitubio kikali, naye akajiona hawezi kufanya kama wao. Siku ile, akamwandikia rafiki yake, alielewa kwamba hata angefanya kitubio cha kila namna kisingetosha kulipa deni, na kwamba mateso ya Kristo yanatosha. Soma ushuhuda wa Luther kisha usome wa Contarini, utadhani ni ndugu wawili walionyonya ziwa moja.

Tarehe 2 Mei 1541 wale watu sita walikubaliana juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyopata kuwa mwenye haki mbele ya Mungu, lile fundisho lililokuwa chanzo cha yote. Waliandika kwamba mwanadamu anahesabiwa haki kwa haki ya Kristo anayoipokea kwa imani, na imani hiyo ni hai, yenye kutenda kwa upendo. Contarini aliandika Roma kwa furaha.

Siku chache tu baadaye walifika kwenye Ekaristi. Waprotestanti hawakulitaka neno la mageuzo, yaani kwamba mkate na divai hugeuka kabisa katika uhalisi wake kuwa Mwili na Damu. Contarini, yule mpole, hakukubali kuliacha, kwa sababu lilikuwa limekwisha kutumiwa na Mtaguso wa Laterani wa 1215. Kisha wakakwama kwenye kitubio, kisha kwenye mamlaka ya Kanisa. Mei haijaisha, mazungumzo yalikuwa yamekufa. Roma ikakataa maneno ya hata lile fungu lililokubaliwa, na Luther naye, kule Wittenberg, akasema ni kiraka tu. Contarini alirudi Italia akinong'onwa kwamba ameiuza imani. Agosti 1542 alifariki Bologna.

Nimlaumu Papa? Kwa sehemu. Alimpa Contarini maagizo ya kubana, asiwe na uwezo wa kufunga makubaliano yoyote bila kuuliza Roma. Mfalme wa Ufaransa naye hakutaka Ujerumani iwe kitu kimoja. Lakini nikiwa mkweli, meza ya Bwana ndiyo iliyowashinda, na pale palikuwa na imani ya kweli pande zote mbili, si siasa peke yake.

Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Mama yangu alikuwa hai. Nilimsomea habari hiyo gazetini, yeye anachambua mchele kwenye ungo. Mikono ikasimama. Akaniuliza, "Kwa hiyo sasa nitaweza kupokea pamoja na ninyi?" Nikamwambia bado, mama. Akarudi kwenye mchele wake. Ni palepale walipokwama Regensburg.

Baraza la Kuhukumu Wazushi lilianzishwa na Papa huyuhuyu? (Msomaji, Dodoma)

La Roma, ndiyo, kwa hati ya tarehe 21 Julai 1542. La Hispania lilikuwa la zamani, la 1478, na lilikuwa mkononi mwa wafalme. Hili liliwekwa chini ya makardinali sita, na msukumo wake mkubwa ulitoka kwa Carafa, yuleyule aliyeweka saini yake kwenye ripoti ya 1537. Tazama tarehe: mwaka mmoja tu baada ya Regensburg. Waliotaka mazungumzo walikuwa wameshindwa, na waliotaka minyororo wakapewa zamu.

Agosti hiyohiyo Italia ilitikisika. Bernardino Ochino, mkuu wa shirika la watawa Wakapuchini, mhubiri aliyejaza makanisa kuliko wote, aliitwa Roma. Njiani alipita Bologna akamwona Contarini kitandani, siku chache kabla ya kifo chake. Kisha akageuza njia, akavuka milima hadi Geneva kwa Jean Calvin, kiongozi mwingine wa Waprotestanti. Pietro Martire Vermigli, mtawa na msomi mkubwa, alikimbia majuma yaleyale. Kwa Carafa huo ulikuwa ushahidi tosha kwamba moto umeingia ndani ya nyumba.

Chini ya Paulo III chombo hiki kilienda taratibu. Carafa alipokuwa Papa mwenyewe, kwa jina la Paulo IV kuanzia 1555, aliwageukia hata makardinali wenzake. Kardinali Giovanni Morone, rafiki wa Contarini, alitupwa gerezani. Alipofariki Papa huyo mwaka 1559, watu wa Roma walivamia jengo la Baraza, wakawafungua wafungwa na kulitia moto. Nasema kama Mkatoliki: ukurasa huu unauma, na sioni sababu ya kuufunika.

Wayesuiti waliundwa ili kupambana na Waprotestanti, sivyo? (Msomaji, Mombasa)

Sivyo, ingawa vitabu vingi vya shule vinasema hivyo. Ignasi wa Loyola na wenzake sita waliweka nadhiri Montmartre, Paris, tarehe 15 Agosti 1534, na nia yao ilikuwa kwenda Yerusalemu. Walisema ikishindikana, watajiweka chini ya Papa awatume popote. Meli za kwenda Yerusalemu hazikupatikana kwa sababu ya vita na Waturuki, wakaishia Roma. Paulo III alilithibitisha Shirika lao tarehe 27 Septemba 1540, kwa sharti wasizidi 60. Mwaka 1544 akaliondoa sharti hilo. Kazi ya kuwarudisha watu wa Ujerumani na Poland kwa shule na mahubiri ilikuja baadaye, na waliifanya kwa nguvu.

Kwako wewe wa Mombasa kuna jambo la jirani. Mmoja wa wale wa kwanza, Fransisko Ksaveri, aliondoka Lisbon Aprili 1541 akiwa na hati za Paulo III za kumfanya balozi wake Mashariki. Meli ilikaa miezi kadhaa kisiwa cha Msumbiji ikingoja pepo, na mwaka 1542 ikatia nanga Malindi. Ksaveri aliandika barua kutoka Goa akieleza kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima pale mjini alimwuliza kama huko kwao watu huenda kanisani kwa bidii, kwani hapa Malindi, kati ya misikiti 17, mitatu tu ndiyo watu huiendea. Alikuwa mtu aliyehuzunika, na alimwuliza mgeni kama mtu anavyomwuliza mwenzake. Wakati anaulizwa hivyo, nyuma yake Ulaya makanisa yalikuwa yakigawanywa kuta na madhabahu.

Papa aliwahi kutuma jeshi dhidi ya Waprotestanti? (Msomaji, Arusha)

Ndiyo. Juni 1546 alifunga mapatano na Charles V kumpa askari 12,000 wa miguu, 500 wa farasi, na dukati (sarafu za dhahabu) 200,000. Jeshi liliongozwa na mjukuu wake Ottavio. Januari 1547, miezi sita ilipokwisha, aliwaita warudi, kwa kuwa alianza kuogopa ushindi wa Kaisari kuliko Waprotestanti. Aprili Kaisari akashinda Mühlberg bila yeye.

Na Henry VIII wa Uingereza je? (Msomaji, Kampala)

Hati ya kumtenga iliandikwa 1535, baada ya kifo cha Fisher, ikawekwa kabatini ikisubiri wafalme wa kuitekeleza. Ilitolewa Desemba 1538. Hakuna mfalme aliyesogea.

Mtaguso wa Trento ulipofunguliwa, ulimjibu Luther nini? (Msomaji, Bujumbura)

Ulifunguliwa tarehe 13 Desemba 1545, katika kanisa kuu la Trento, mji wa milimani uliokuwa chini ya Kaisari lakini watu wake wakisema Kiitaliano. Maaskofu hawakufika hata 40, wengi wao Waitaliano. Papa hakwenda, aliongoza kwa barua kupitia wajumbe watatu: Giovanni Maria del Monte, Marcello Cervini na Reginald Pole. Miezi miwili baadaye, tarehe 18 Februari 1546, Luther alifariki Eisleben. Jibu alilolidai tangu ujana wake lilianza kuandikwa akiwa kaburini.

Aprili 1546 mtaguso ulisema Maandiko na mapokeo ya mitume yapokewe kwa heshima sawa. Januari 1547 ukatoa hati ya kuhesabiwa haki, na hapa nawaomba ndugu zangu Walutheri wasome wenyewe. Kifungu cha kwanza kabisa cha laana hakimlengi Luther. Kinamlaani anayesema mwanadamu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe, bila neema ya Mungu kwa Yesu Kristo. Baada ya hapo ndipo kinakuja kile kinachokataa imani peke yake isiyohitaji kitu kingine. Girolamo Seripando, mkuu wa Waagustino, shirika alilotoka Luther, alitetea maneno ya karibu na yale ya Regensburg, hayakupita. Pole aliondoka Trento akisema ni mgonjwa, na hati ikapita yeye hayupo.

Machi 1547 homa iliyoua watu mjini ikawa sababu ya kuuhamishia Bologna, na Kaisari akakasirika kwelikweli. Paulo III hakuuona mwisho wake. Ulifungwa Desemba 1563, chini ya Papa Pius IV.

Alikufaje? (Msomaji, Tanga)

Kuna picha ya mchoraji Tiziano ya mwaka 1546, iko Napoli. Mzee ameketi, amepinda mgongo, kidole kimeshika mkono wa kiti. Nyuma yake amesimama mjukuu wake Kardinali Alessandro, yule aliyepewa kofia akiwa na miaka 14. Kulia, Ottavio ameinama mbele ya babu yake kwa heshima iliyozidi kidogo, na mzee amegeuza shingo anamtazama. Picha haikumalizwa.

Mwaka 1545 Papa alikuwa amechukua Parma na Piacenza, ardhi ya Kanisa, akampa mwanawe Pier Luigi awe mtawala. Miaka miwili baadaye, Septemba 1547, wakuu wa Piacenza walimwua Pier Luigi na watu wa Kaisari wakauchukua mji. Mzee akataka walau Parma irudi mikononi mwa Kanisa. Ottavio akakaidi, akatishia kuafikiana na maadui wa babu yake. Kisha Papa akagundua kwamba Kardinali Alessandro naye alikuwa anajua. Ghadhabu ikampandisha homa, na tarehe 10 Novemba 1549 akafariki, na miaka 81.

Inasimuliwa kwamba siku za mwisho alirudia mstari mmoja wa Zaburi kwa Kilatini, ule ambao ukiusoma kwa namna fulani unakuwa unasema: kama walio wangu wasingenitawala, ningekuwa bila doa.